Somo wa Binti wa Nanzia

Sogeeni, lakini mapema niwaambie: jibu sinalo. Nimelitafuta mpaka kichwa kimeniuma, na aliyeniudhi zaidi ni mgonjwa mwenyewe.

Katika hospitali moja ya milimani Upareni walikuwako wanawake watatu wa chumba cha upasuaji. Daktari Nakunda alijaliwa mikono myepesi. Angeweza kumtoa mtoto tumboni kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu. Sabra, mtaalamu wa nusukaputi, alijaliwa subira, na alikuwa akifanya utafiti: sindano ya ganzi ya mgongoni iwe na dawa kiasi gani ili mzazi asisikie kisu? Bi Mwanjaa, mhudumu, alijaliwa macho. Kazi yake ilikuwa kufuta sakafu na kushika miguu ya wagonjwa, na humo ndani hakutakiwa kufungua mdomo.

Siku moja akaletwa Nanzia, aliyekwisha kupoteza mimba tatu. Ya nne imetimia, na mapigo ya moyo ya mtoto yanashuka. Sabra akachoma sindano, akangoja, akamfinya tumboni.

"Maumivu vipi, mama?"

"Nzuri tu."

Ndivyo tulivyolelewa. Mtu anaungua, ukimsalimu anakujibu nzuri. Sabra naye kalelewa hukohuko, akaandika kwenye karatasi ya utafiti: sifuri. Nakunda akanyanyua kisu.

"Subiri, daktari," Bi Mwanjaa akasema. "Anakunja vidole vya miguu."

"Bi Mwanjaa, wewe shika miguu."

"Si ndiyo hii nimeishika? Ganzi haijamwingia huyu. Ukimkata ataruka na kisu kimo tumboni."

Sabra akamwinamia mgonjwa. "Nilipokufinya ulisikia?"

"Nilisikia. Niliona mna haraka, sikutaka kuwasumbua."

Jamani, kisu kiko juu ya tumbo lake, yeye anaona haya kusumbua watu.

Sabra akaifuta ile sifuri, akamlaza usingizi kamili na kumpitishia mpira kooni. Mashine ya kupumulia ilikuwa mbovu tangu Pasaka, kwa hiyo akaminya mfuko wa hewa kwa mkono, pumzi baada ya pumzi, mpaka mshono wa mwisho. Angeuachia, Nanzia asingeamka.

Nakunda akapasua. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka mtoto shingoni mara mbili. Akaifungua, akamtoa binti aliyegeuka bluu kwa kukosa hewa, na binti akalia.

Sasa Nanzia alikuwa ameapa: mtoto atachukua jina la aliyewaokoa, awe somo wake. Siku ya tatu nesi akaja na fomu ya tangazo la kizazi, yenye nafasi ya jina moja, akawakuta wale watatu wanazozana kando ya kitanda cha Nanzia.

"Bila mimi mama asingeamka," Sabra anasema.

"Na bila mimi angeamka ambebe nani?" Nakunda anajibu.

"Mlikuwa mnamkata mtu ambaye ganzi haijamwingia," Bi Mwanjaa anasema, "na mkaniambia nishike miguu."

Nesi amechoka. "Mama, tuandike nani?"

Nanzia akawatazama wote, akatabasamu. "Lolote ni zuri tu. Msisumbuke."

Mimi nimeshindwa naye. Kalamu ya nesi iko hewani na mtoto hana jina: Nakunda, Sabra au Mwanjaa? Haya, wewe ungeamua vipi? Na ole wako unijibu nzuri tu.