Sufuria za Mwanakheri Kisimani

Itikieni, niwape uongo wenye ukweli ndani! Mwanakheri alimpelekea zimwi wa kisimani sufuria yake nzima kabisa. "Babu, nipe ya modeli mpya." Akapewa. Kwani ile ilikuwa haiivishi? Ilikuwa inaivisha, tena sana! Akarudi tena na tena, kila mara akapewa. Siku moja zimwi akauliza, "Mwanangu, hizi kuukuu nizitupe wapi?"

"Hiyo problemu yako."

Kulipokucha, kisima kimezibwa na masufuria, maji hakuna. Jirani yake Mishi, kichanga mgongoni, akageuza moja. Chini pana jina la rangi nyekundu, kama tunavyoandika vyombo visipotelee shughulini.

"Mwanakheri, shoga," akasema taratibu, "njoo uchukue vyako."

Akavibeba kimojakimoja mbele ya ndoo tupu za mtaa mzima, hana pa kuuweka uso. Nimemaliza, anayecheka akachungulie uvunguni kwake.