Digidigi Yuko Mlangoni

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama watu wanaosubiri barua ya kazi? Tena! Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, hapo sawa. Hapo zamani za kale, zamani hasa, enzi ambazo aliyesoma alikuwa anaajiriwa, wanyama walikuwa wanakodi magari. Usiniulize petroli waliitoa wapi. Kaa utulie.

Palikuwa na Bweha. Bweha alikuwa na tai moja shingoni, gari moja na mdomo wa watu kumi. Juu ya lango lake alitundika ubao: BWEHA EXECUTIVE CAR HIRE. Executive! Gari lenyewe likiwaka lilitetemeka kama mgonjwa wa malaria. Ngr-ngr-ngr-ngr.

Palikuwa na fundi wake, Ngiri. Ngiri alikuwa na diploma ya umakanika, kaitia kwenye fremu, kaitundika ukutani. Kazi aliyopewa ni kushika tochi. Mshahara je? "Tunakupa exposure," Bweha alimwambia. Ngiri akasema asante bosi. Mwaka wa tatu huo, anakula exposure asubuhi, anakula exposure jioni. Na akifungua mdomo kusema neno la ufundi, Bweha anamkata: "Nyamaza, shika tochi."

Na palikuwa na Nungunungu, mama mmoja asiyeamini mtu. Akishuku jambo, miiba yake ilisimama yenyewe. Shwaaa! Hata akitaka kuficha hawezi.

Nungunungu alikuwa na mama yake mzee, anaishi ng'ambo ya vilima viwili, kwenye shimo linaloingia maji. Masika yalikuwa yananukia. Miguu ya mzee haiwezi tena vilima. Nungunungu akasema, "Mvua haitamkuta mama yangu kule. Nitamleta kwangu." Shimo lake Nungunungu lilikuwa kavu, refu, lina vyumba vitatu. Alilichimba kwa kucha zake miaka minne.

Akaenda kwa Bweha.

"Karibu mama, feel at home!" Bweha akasema. "Gari ni hilo hapo."

Nungunungu akalitazama. Gari lilikuwa limepakwa tope. Tope kwenye mlango, tope kwenye boneti, tope kwenye bampa. Tope nene, limekauka, limeshika.

"Mbona halijaoshwa?"

"Maji ni shida mama. Si unajua serikali yetu."

"Sawa. Nitalirudisha hivi hivi."

"Ah-ah!" Bweha akatikisa kidole. "Wewe utalirudisha limeoshwa. Safi, ling'ae. Ndiyo terms and conditions."

Miiba ikasimama. Shwaaa!

"Ngoja, baba," Nungunungu akasema. "Unanipa chafu, unataka safi?"

"Relax, mama. Sisi ni professional. Weka sahihi hapa. Imeandikwa tu kwamba gari ni zima. Dhamana ni shimo lako. Gari likirudi zima, shimo ni lako. Likirudi na alama, shimo ni la kampuni. Formality tu!"

Nungunungu akazunguka gari mara moja. Akazunguka mara ya pili. Haoni kitu, ni tope tupu. Ngiri alikuwa amesimama pale na tochi yake, jua likiwaka. Akaupapasa mlango wa kushoto, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Akajisemea kwa sauti ya chini:

"Digidigi leo amelala vizuri."

"Nani amelala?" Nungunungu akauliza.

"Nyamaza, shika tochi!" Bweha akamfokea Ngiri.

Shwaaa! Nungunungu alimjua Digidigi. Alikuwa jirani yao. Mwaka jana alihama ghafla, hakuaga mtu, na siku hizi analala kwenye nyasi kama mgeni. Sasa huyu anasema Digidigi amelala? Amelala wapi?

Lakini wingu lilikuwa linapanda. Mama yake alikuwa kule ng'ambo. Nungunungu akaweka sahihi.

Akaenda. Ngr-ngr-ngr, akapanda kilima cha kwanza. Ngr-ngr-ngr, akapanda cha pili. Aliendesha polepole hata konokono wakampigia honi. Hakugusa kichaka. Hakugusa jiwe. Akampakia mama yake, na mkeka wake, na chungu chake. Akarudi polepole vile vile. Akamshusha shimoni. Mzee akanusa huku, akanusa kule, akasema:

"Mwanangu, ni pakavu! Nitalala hapa hadi nife."

Maneno hayo yakamchoma Nungunungu. Akalipeleka gari mtoni kuliosha.

Chwa! Akamwaga maji mlangoni. Tope likaanguka. Chini yake, mkwaruzo mrefu, kutoka kwenye kioo hadi kwenye gurudumu.

Shwaaa!

Chwa! Akamwaga maji kwenye bampa. Tope likaanguka. Chini yake, ufa.

Shwaaa!

Chwa! Akamwaga maji kwenye boneti. Tope likaanguka. Chini yake bati limebonyea, bakuli la uji linakaa.

Nungunungu akaketi juu ya jiwe. "Kumbe," akasema. "Kumbe nimejiosha mwenyewe nikajipeleka jikoni."

Akafikiri kulipaka tope upya. Akaacha. Akafikiri kukimbia. Atakimbia na mzee yule vipi? Akaukumbuka ule mlango. Akamkumbuka Ngiri akiupapasa. Digidigi leo amelala vizuri. Akautazama mkwaruzo muda mrefu. Mara akainuka, akapanda gari. Hakulipeleka kwa Bweha. Alilipeleka moja kwa moja ofisini kwa Chifu Mbuni, akamtuma Kunguru, tarishi wa Chifu, akawaite Bweha na fundi wake.

Bweha akaja na tai na fomu. Ngiri akaja na tochi.

Chifu Mbuni alikuwa na haraka. Alikuwa na mayai kumi na mawili nyumbani na mume asiyejua kuatamia. "Semeni upesi," akasema. Gari lilikuwa mlangoni, linanguruma, kwa sababu Nungunungu aliogopa kulizima. Ngr-ngr-ngr-ngr!

"Chifu, kesi ni simple!" Bweha akapaza sauti. "Tazama mlango! Tazama bampa! Tazama boneti! Na mtazame yeye mwenyewe, mwili mzima misumari! Mtu wa hivi akiegemea gari unategemea nini?"

"Nimekuta alama chini ya tope," Nungunungu akasema.

"Uongo! Si umeweka sahihi wewe?"

"Nimeweka."

"Imeandikwaje?" Chifu akauliza. "Sisikii! Ngr-ngr-ngr zenu hizi!"

Bweha akainua fomu juu, akavimba shingo, akapiga kelele:

"ZIMA! Chifu, imeandikwa ZIMA!"

Ngiri akasikia bosi anasema zima. Mwaka wa tatu anatii amri. Akakimbia, tibwi tibwi tibwi, akaingiza mkono, akazungusha ufunguo. Ngr-ngr... kha... kha... pu.

Kimya.

"Sikusema uzime, mpumbavu wewe! Nilisema gari ni zima! Liwashe!"

Ngiri akazungusha. Kha. Akazungusha. Kha kha. Akazungusha. Hata kha haikutoka.

Chifu Mbuni akainamisha shingo yake ndefu, akamtazama Bweha kwa jicho moja. "Hili ndilo gari zima?"

"Ni baridi tu, Chifu. Sisi tupo kuzungumzia alama. Shimo ni langu. Nataka aondoke leo, yeye na mzee wake."

Nungunungu aliposikia mzee wake anatajwa, miiba ilisimama yote, hata ile midogo ya shingoni. Shwaaa! Lakini hakumgeukia Bweha. Alimgeukia Ngiri. Akamsogelea taratibu.

"Fundi," akasema.

Ngiri akatazama nyuma. Alidhani anaitwa mwingine.

"Wewe, fundi. Nimesikia una diploma."

"Ninayo," Ngiri akasema. "Credit."

"Mimi mambo ya gari sijui. Nisaidie kidogo." Akaweka kucha kwenye mkwaruzo wa mlangoni. "Huyu ni nani?"

Jamani. Miaka mitatu hakuna aliyemuuliza Ngiri swali la kazi yake. Uso ukamng'aa. Hakungoja tochi.

"Huyo ni Digidigi," akasema.

"Nyamaza, shika tochi!" Bweha akaruka.

"Nyamaza wewe," Chifu akamwambia Bweha. "Endelea, fundi."

"Na huyu wa kwenye bampa?" Nungunungu akauliza.

"Huyo Kicheche. Aliacha mzinga wake wa nyuki."

"Na huyu wa kwenye boneti?"

"Kanga huyo. Alitoa kiota na shamba la mtama." Ngiri alikuwa ameshanogewa. "Kila alama tunaipa jina la mtu wa kwanza kuilipa, Chifu, ili tusichanganye kwenye daftari. Mimi ndiye ninayezipaka tope mteja mpya akija. Tope la mfinyanzi, tabaka mbili. La kawaida linabanduka."

Bweha alikuwa anailegeza tai.

Nungunungu akauliza swali la mwisho, polepole kabisa:

"Na mimi, fundi? Nungunungu yuko wapi?"

Ngiri akawasha tochi. Akamulika mlango wa kushoto. Akamulika wa kulia. Akalala chini, akamulika tumbo la gari. Akainuka, akajifuta vumbi magotini.

"Nungunungu hayupo," akasema. "Nimetafuta. Hayupo kabisa." Akafikiri kidogo. "Tena Chifu, kama ni ukweli wa kitaalamu, hata Digidigi si Digidigi. Mlango ule bosi aliukwaruza mwenyewe kwenye lango letu, siku aliyotoka harusini."

"Na wengine?" Chifu akauliza.

"Kicheche ni bosi. Kanga naye ni bosi."

Chifu Mbuni akachukua ile fomu. Akaitia mdomoni. Akaimeza. Mbuni humeza mawe, fomu itamshinda?

"Shimo ni la Nungunungu," akasema. "Digidigi arudi kwake leo. Kicheche apewe mzinga wake, Kanga apewe kiota na mtama. Nawe Bweha, ondoa gari lako mlangoni kwangu."

"Haliwaki, Chifu!"

"Lisukume. Si ni zima?"

Bweha akalisukuma, tai mdomoni, ulimi nje. Alimwita Ngiri aje kusaidia. Ngiri akamwekea tochi juu ya boneti, mle ndani ya Kanga, akaenda zake kuchukua fremu yake ukutani.

Jioni ile mvua ikafika. Pa. Pa-pa. Pa-pa-pa-pa! Mle shimoni kwa Nungunungu, chumba cha tatu, mzee alikuwa amelala juu ya mkeka wake. Mkavu. Nungunungu akajilaza kando yake, na kwa mara ya kwanza tangu aingie kwa Bweha, miiba yake yote ikalala.

Sasa shikeni funzo, wakubwa kwa watoto. Mtu akikupa kitu kichafu na kukuagiza ukirudishe safi, kikwangue kwanza mbele yake kabla hujaweka sahihi, hata kama una haraka, hata kama kuna wingu. Na wewe bosi, uliyemfunga mdomo aliyesomea kazi, omba asije akaulizwa swali na mtu mwingine.

Hadithi yangu imeishia hapo. Naegesha, nazima, na alama mtakazoziona juu yangu mlinikuta nazo.