Kipini cha Bi Mashavu

Hapo zamani, si zamani ile ya wafalme na mazimwi, ni zamani ya juzijuzi tu, watu walipokuwa wakizitupa televisheni zenye kisogo kikubwa, aliishi Tanga mjane mmoja jina lake Bi Mashavu. Alikuwa na watoto watatu, na wote watatu wakimgombania.

"Mama, njoo uishi kwangu," alisema Mwanaheri, binti mkubwa.

"Mama, njoo kwangu, chumba nimeshakipaka chokaa," alisema Shekue, wa kati.

"Mama, njoo kwangu, nani mwingine atakuchekesha?" alisema Mishi, kitinda mimba.

Na kila mara Bi Mashavu aliwajibu: "Nikimchagua mmoja nimewavunja wawili. Niacheni na kuku wangu."

Lakini nyumba yake ilikuwa imechoka. Ukuta mmoja ulishainama, na masika yaliyopita maji yaliingia mpaka uvunguni mwa kitanda. Mvua ikinyesha, watoto huko makwao hawapati usingizi kwa kumwaza.

Siku moja wamekaa mkekani wanakula, Mishi akauliza, "Mama, kitundu hicho cha puani, mbona hukivalishi hata kipini cha bandia?"

Bi Mashavu akacheka. "Pua iliyozoea dhahabu haivai bati, mwanangu. Changu nilikiuza zamani. Basi sikilizeni: atakayenirudishia dhahabu puani, huyo ndiye nitakayehamia kwake."

Alidhani amewanyamazisha. Kumbe amewachokoza.

Mwanaheri alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Uani kwake zilijaa sufuria zilizotoboka, rimu za baiskeli, na kompyuta zilizokufa. Wenzake walizitazama bodi za kijani zilizomo ndani ya kompyuta wakaona taka. Yeye akaona kwamba kingo zake zina umanjano usioshika kutu. Akachukua mkasi wa kukatia bati, akaanza kukata kingo. Jua likawaka, akakata. Mvua ikanyesha, akakata. Vidole vikaota malengelenge, akakata. Wenzake wakamtania, "Mwanaheri, unavuna mchicha wa plastiki?" Akacheka nao, akakata, mpaka ndoo ikajaa.

Akampelekea Shekue. "Mdogo wangu, wewe ulifanya kazi ya kuchenjua dhahabu kule Geita. Hii nayo si dhahabu?"

Shekue akakwaruza kwa kucha. "Ni dhahabu, dada, lakini imepakwa nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Ukiitia motoni utapata moshi tu. Hii hunyweshwa tindikali."

Wakaenda nyuma ya karakana ya Shekue, mahali pa wazi, upepo ukiwapiga mgongoni. Shekue akavaa glavu, miwani na barakoa. Tindikali ya kwanza ikaila shaba iliyo chini ya dhahabu, ikafuka moshi mwekundu, na dhahabu ikabaki ikielea kama magamba ya dagaa. Mwanaheri akapiga kigelegele. Kisha Shekue akatia tindikali ya pili, kali kuliko ya kwanza, na magamba yote yakayeyuka. Kwenye beseni yakabaki maji tu, ya manjano kama ya bizari.

"Umeipoteza!" Mwanaheri akapiga ukelele.

"Imejificha tu, dada. Sasa hivi nitaiita itoke."

Mishi alikuwa ndiyo kwanza afike na kapu la maandazi. Kusikia hivyo, furaha ikampanda, akaanza kucheza: nyonga huku, nyonga kule. Nyonga ya kule ikaigonga meza. Beseni likapinduka.

Maji ya dhahabu yakatambaa kwenye saruji, yakauelekea mtaro. Shekue akaganda. Mwanaheri akashika kichwa. Lakini Mishi alikuwa amejitanda doti mpya ya khanga, zawadi ya mumewe, hata maji haijaona. Akaitupa mbele ya yale maji, upande wa kwanza, upande wa pili. "Kunyweni, khanga zangu, kunyweni!" Khanga zikayanywa yote, halafu zikaanza kutoboka mbele ya macho yake.

Hapo Shekue akazindukana. Akazizoa khanga kwa koleo, akazikausha, akazichoma. Majivu akayanywesha tindikali upya, akayachuja, akatia unga wa dawa yake. Wote watatu wakainama kutazama. Maji yakachafuka, kisha chini kabisa likatua tope la kahawia, kama machicha ya kahawa kikombeni.

"Ndiyo hii?" Mishi akanong'ona.

"Ndiyo hii."

Wakalipeleka kwa sonara, naye akalitia tope motoni. Likakunjamana, likaviringika, mara likang'aa: tone la dhahabu, dogo kama punje ya choroko. Akalifua likawa kipini. Bi Mashavu alipokivaa akajitazama kiooni, na machozi na kicheko vikamtoka pamoja. Majirani wakaja na ngoma. Akafunga sanduku lake, akaketi juu yake, akasema, "Haya, wanangu. Nakwenda kwa nani?"

"Mama ni wangu," akasema Mwanaheri. "Ile ilikuwa taka mpaka macho yangu yalipoiona. Bila ndoo yangu, tindikali ingechenjua nini?"

"Mama ni wangu," akasema Shekue. "Bila mimi, ndoo yako ingebaki ndoo ya plastiki. Mimi ndiye niliyeitoa dhahabu, si mara moja, mara mbili."

"Na maarifa hayo uliyapata wapi?" akadakia Mwanaheri. "Mama alikiuza kipini ili wewe upate nauli ya Geita. Umerudisha cha mama, hukumpa chako."

"Kweli, dada. Na nani wa kukirudisha kama si yule ambaye kiliuzwa kwa ajili yake?"

"Mama ni wangu," akasema Mishi. "Ingekuwa nyinyi, dhahabu ingekuwa mtaroni inawapamba vyura."

"Na nani aliyeimwaga?" wakauliza wote wawili.

"Mimi! Nyonga yangu iliimwaga, khanga yangu ikaizoa. Dada alitoa jasho, kaka akatoa maarifa. Mimi nilitoa kitu nilichokipenda, wala sikusita."

Majirani nao wakagawanyika, huyu akimshangilia huyu, yule akimshangilia yule. Bi Mashavu anacheka mpaka anajifuta machozi. Mwenye mkokoteni ameshapakia godoro, anauliza ashike njia ipi.

Nanyi mliosikia yote, mjibuni mwenye mkokoteni, jua linamchoma: je, nani alistahili kuondoka na mama?