Mninga wa Kalunde

Kulikuwa na mjane mmoja, jina lake Kalunde, aliyekuwa na mninga mnene nyuma ya nyumba yake. Asubuhi moja tajiri wa mbao, Bwana Lugembe, akaja na chenso mpya ya petroli begani.

"Tawi limevuka mpaka, limeingia shambani kwangu," akasema. "Kwa hiyo mti ni wangu. Nauangusha sasa hivi."

Alijua mjane hana wa kumtetea. Akavuta kamba, chenso ikanguruma.

"Angusha tu, bosi," Kalunde akapaza sauti. "Ila huo mnyororo ukikutana na msumari inakuwaje?"

Lugembe akaizima chenso. "Unakatika. Unaweza hata kukurukia usoni. Kwa nini unauliza?"

"Basi tu. Marehemu alikuwa fundi wa mizinga ya nyuki, na mti huu ndio uliokuwa karakana yake. Alikuwa akigongagonga hapa kutwa nzima!"

"Misumari iko upande gani?"

"Hata uniapishe, bosi, siwezi kukuonyesha hata mmoja."

Lugembe akauzunguka mninga, akalipapasa gome kama anayetafuta kupe kwenye ng'ombe. Akautazama mnyororo wake unaong'aa, akajigusa pua, akaondoka bila kuaga.

Jioni Kalunde akapiga hodi kwa jirani.

"Dada, niazime msumari nitundikie ungo. Marehemu mizinga yake aliichonga kwa tezo na kuifunga kwa kamba. Tangu anioe, kwangu haujawahi kuingia msumari."