Jina la Itai

Wametusimulia waliotutangulia kwamba hapo kale, katika mji wa Iskanderia, aliishi mwandishi mcha Mungu aitwaye Elnathani. Watoto wa Mayahudi wa mji ule walikuwa wamekisahau Kiebrania, basi wazee wakamwamini yeye ayaandike kwa Kiyunani majina ya nasaba za mababu yaliyomo katika Maandiko. Kila jina alilitamka kwanza kwa sauti, kisha akalitafutia herufi. Wayunani hawana sauti ya "sh", na kila alipoikuta alikaa muda mrefu akitafuta iliyo karibu nayo, asije akamvunjia marehemu heshima.

Mkewe alikuwa amefariki katika uzazi, akamwachia binti mchanga. Jirani yake Noadia, mjane, alikuwa ametoka kumzika mwanawe wa pekee, naye bado mchanga, na maziwa yalikuwa bado yanamtoka. Bila kuombwa, akawa anakuja kumnyonyesha yule binti asubuhi na jioni. Ujira hakutaka.

Asubuhi moja, mtoto akiwa kifuani, Noadia alimwomba Elnathani aliingize jina la mwanawe, Itai, katikati ya majina ya mababu.

"Mwalimu, nani atajua?" alisema. "Wasomao Kiyunani hawamjui hata mmoja katika hao. Mwanangu hakukua hata aache mke au mtoto. Nikifa mimi, itakuwa kama hakuzaliwa."

 Elnathani aliona ni kweli, hakuna ambaye angejua. Na alijua pia kwamba hana mwingine wa kumnyonyesha binti yake.

"Dada yangu, fadhila zako siwezi kuzilipa," alisema. "Lakini watu wataliamini kwa kuwa nimeliandika mimi. Siwezi kumweka mtu mahali ambapo Mungu hakumweka."

Noadia akamlaza mtoto, akajitanda mtandio, akatoka bila kuaga.

Jioni hakuja. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka, na maziwa ya mbuzi aliyatema. Elnathani alizunguka naye chumbani akimwomba Mola subira. Kila alipopita mbele ya gombo alilokuwa akiandikia majina aliitazama kalamu, akageuza uso.

Kulipokucha, mlango ulifunguliwa. Noadia aliingia, macho yamemvimba, akanyoosha mikono kumpokea mtoto.

"Wewe umenikatalia," alisema. "Huyu hajanikatalia kitu."

Elnathani akamsogezea kigoda. "Karibu, Mama Itai."

Tangu mazishi hakuna aliyekuwa amemwita hivyo. Noadia aliinama, machozi yakamdondokea mtoto usoni, naye mtoto hakuacha kunyonya.

Ndugu zangu katika imani, jina la Itai halikuandikwa, wala huzuni ya mama yake haikwisha. Wako wadogo wengi waliozikwa ambao hakuna nasaba itakayowataja, na Mola wao anawajua mmoja mmoja. Sisi tukikutana na mama zao, tusiogope kuwaita kwa majina ya watoto wao.