Chini ya Mashine ya Kimaiyo

Mvungu ni ile nafasi iliyo chini ya kitanda, penye giza na vumbi. Kitu kikiingia huko hakitoki kwa kuitwa, wala kwa kunyooshewa kidole. Anayekitaka hana budi kupiga magoti, hata kama amevaa nguo za Jumapili. Ndiyo maana wahenga wakanena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kimaiyo aliisikia methali hii tangu utotoni, lakini maana yake ilimwingia akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Kimaiyo alikuwa mtunzaji wa uwanja mdogo wa ndege wa hospitali moja ya misheni, katika eneo liitwalo Kwanza, si mbali na mji wa Kitale. Uwanja wenyewe ulikuwa wa nyasi tupu. Mara mbili kwa mwaka ndege ndogo ilitua hapo ikiwaleta madaktari wa macho, na wazee wenye mtoto wa jicho wakashuka kutoka miteremko ya Mlima Elgon wakiongozwa kwa mkono. Safari hii, miongoni mwa waliongoja alikuwamo mamake mzazi, Chepkemei, ambaye kwa miaka miwili hakuwa ameona hata moshi wa jiko lake mwenyewe.

Ndege ilitarajiwa Ijumaa asubuhi. Rubani alikuwa na sharti moja: nyasi zisipite kifundo cha mguu. Mvua ilikuwa imezifikisha magotini. Na Jumatatu, mashine ya kukatia nyasi, ile ya kuketiwa na kuendeshwa kama trekta dogo, ikagoma. Ilipowashwa ilinguruma kama simba aliyeshiba. Lakini Kimaiyo alipovuta kishikio cha kuzungusha visu, ilikohoa, ikazima. Akawasha tena, ikazima tena.

Alibadilisha plagi. Akamwaga petroli ya zamani, akatia mpya. Wapi! Jumanne akaja fundi Gicheru kutoka mjini Kitale, shati lake jeupe pepepe. Aliizunguka mashine mara mbili, akagusa kabureta kwa ncha ya kidole, kisha akatikisa kichwa.

"Injini imekufa, mzee. Tafuta ingine."

Alasiri hiyo watu kumi walishika mafyekeo. Hadi jua linatua, walikuwa wamesafisha kipande kidogo kama ua wa kuanikia mahindi. Beth, muuguzi mkuu, alikuja kukiangalia.

"Kesho jioni kama bado hivi, nitampigia rubani simu asije," alisema.

Wagonjwa wangengoja miezi sita. Kwa mama wa miaka themanini na mmoja, miezi sita ni safari ndefu. Ndipo Beth akamkumbuka mwanamke mmoja wa Bungoma, Edah Nasike, aliyewahi kuitengeneza mashine ya kukatia lishe ya ng'ombe wa hospitali.

Nasike aliwasili Jumatano asubuhi. Alikuwa mama mnene, mwenye goti bovu na leso kiunoni. Kimaiyo alipomwona akichechemea, tumaini lilimpungua. Lakini mgeni hakukimbilia spana. Aliuliza swali.

"Mzee, hii kitu ikizima, inazima mara moja kama taa, ama inakokota kwanza?"

Kimaiyo alifikiri. Hakuna aliyekuwa amemwuliza hivyo. "Inakokota. Inalia kama imebeba mzigo, halafu inakufa."

"Si basi injini ni nzima! Ingezima kama taa, ningeshuku swichi ya chini ya kiti, ile huzima mashine dereva akiinuka. Lakini hata hiyo tuiangalie."

Akaikagua, akaikuta sawa. Kisha akachomoa waya wa plagi, mashine isije ikawaka mikono ya mtu ikiwa kwenye visu. Waliiinua kwa jeki, wakaiegemeza juu ya magogo. Nasike akatandika gunia kwenye tope, akalala chali, akajisukuma ndani.

"Utachafuka, mama!" Kimaiyo alisema kwa aibu, maana wagonjwa na jamaa zao walikuwa barazani.

"Nguo hufuliwa," sauti ikajibu kutoka chini. "Kule Mabanga, nilikojifunza ufundi, nilifagia karakana mwaka mzima kabla sijapewa spana. Na wewe kuja hapa, macho mawili hayatoshi."

Kimaiyo aliwatupia jicho watu wa barazani. Akavua kofia, akalala topeni.

Kisu cha kushoto kilizunguka kwa kusukumwa na kidole kimoja. Cha kulia kilikataa kana kwamba kimepigiliwa misumari. Nasike alikwangua nyasi zilizoshindiliana, akafungua nati, akakivuta kisu. Hapo wote wawili wakaona: kamba ya marobota ya nyasi kavu ilikuwa imejiviringa kwenye shafti kama uzi kwenye kibiringo, na beringi nyuma yake, ile inayoiwezesha shafti kuzunguka, imeungua ikashikana. Kimaiyo akakumbuka kwamba wakati wa kiangazi ng'ombe walilishwa kando ya uwanja, na kamba zikaachwa chini. Alikuwa amezipitia kwa mashine bila kuinama kutazama.

"Hii ndiyo ilikuwa inakaba injini shingo," Nasike alisema, akiifuta beringi kwa leso yake apate kuisoma nambari.

Kimaiyo alipanda pikipiki hadi Kitale kununua nyingine. Aliporudi, alimkuta Nasike bado yuko chini, akiipaka grisi shafti ya pili ambayo haikuwa na ubaya wowote. Hakuna aliyemwomba. Kimaiyo akalala tena topeni, akampa beringi mpya.

Saa tisa, beringi ikiwa imefungwa na waya wa plagi umerudishwa, Kimaiyo aliketi kwenye mashine, akaiwasha. Akavuta kishikio. Injini ilishusha sauti kidogo, kama mtu anayejitwika gunia, kisha ikatulia, na visu vikaimba. Barazani watu walipiga vigelegele. Jioni hiyo Beth hakumpigia rubani simu, na Alhamisi saa sita uwanja ulikuwa umenyolewa wote.

Ijumaa ndege ilitua. Jumamosi Chepkemei alifunguliwa bendeji. Alimkazia macho mwanawe kwa muda mrefu.

"Kimaiyo," alisema, "nani alikuruhusu uzeeke?"

Kimaiyo alicheka huku machozi yakimtiririka. Akatoka nje kumpigia Nasike simu amshukuru. Upande wa pili alisikia chuma kikigongwa.

"Ngoja kidogo, mzee," Nasike alisema akihema. "Niko chini ya posho mill ya watu, hii ya kusaga mahindi."

Kimaiyo alingoja kwa heshima, kofia mkononi. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.