Nyota Aliyoigundua Kiboko

Niwape, nisiwape?
— Tupe!
Niipunguze chumvi, niiache?
— Iache!
Haya, msije mkanilaumu.

Alikuwepo Komba, kiumbe mdogo mwenye macho makubwa kama vifuniko vya chupa. Kazi yake ilikuwa kutafuta sayari ndogo, zile zinazojificha katikati ya nyota kama ufuta kwenye mchanga. Leo huchora nukta za mbingu kwenye gome la mti, tii, tii, tii. Kesho huchora tena, tii, tii, tii. Keshokutwa tena. Kisha hulinganisha: nukta iliyohama ndiyo sayari. Na desturi ya msituni ilikuwa hii: anayegundua ndiye anayetoa jina, akikosea barazani, haki inakwenda kwa aliyemsahihisha.

Sayari ya kwanza, Kiboko, mkubwa wa baraza, akalikwapua gome. "Lete nikutangazie, binti." Akaiita Kiboko. Ya pili, akalikwapua. Akaiita Kiboko Mkubwa. Ya tatu, akalikwapua. Akaiita Mke wa Kiboko. Wanyama wakamwimbia, wakawapa watoto wao jina lake. Komba akauliza, "Na mimi?"

"Wewe si umepewa kupanga viti?" Kiboko akamjibu.

Ya nne Komba aliitaka kwa roho yote. Mama yake, Mashavu, ndiye aliyemfundisha kuchora nukta, naye alikufa bila hata kichaka kuitwa kwa jina lake. Basi akalificha gome la kweli. La bandia akaliacha juani, kando ya papai bovu. Nzi akaja, zii, akatua, akajisaidia, akaenda zake.

Kiboko akalikwapua. "Hii nukta nene! Hii ndiyo saizi yangu!"

"Una macho, Mheshimiwa," Komba akasema.

Jioni baraza likafurika. "Naiita Kiboko wa Milele!" Vigelegele, lililili! Komba akapanda jukwaani, akalowesha kidole kwa mate, akapangusa gome. Fyu! Sayari ikatoka.

"Mzee, umekipa jina lako kinyesi cha nzi."

Desturi ni desturi. Haki ikawa ya Komba. Akatoa gome la kweli. "Hii inaitwa Mashavu."

"Iko wapi?" Nyumbu akauliza.

"Pale, kushoto kwa ile nyekundu."

Wakakodoa, wakakodoa. "Mbona hatuoni kitu?"

"Ni ndogo. Inataka subira."

"Aa, dada, usituchoshe. Ya Kiboko angalau tuliiona!"

Wakambeba Kiboko juujuu, huku wakipepesuka, wakaondoka naye wakiimba. Komba akabaki na viti vya kukusanya. Kesho yake sokoni kukawa na kanga mpya: nyeupe, nukta moja nyeusi katikati. Ziliisha kabla ya adhuhuri.

Hapo ngano imeketi, nami nanyanyuka. Funzo: fanya kazi kwa bidii, kimya kimya, na jamii itakutambua. Liandikeni hivyo hivyo daftarini, maana ndilo jibu linalopewa vema.